Majina Yaliyoachwa Nje ya Mlango wa Mama Verdell

Mama Verdell Tibbs alikuwa msusi, na mdomo wake ulikuwa mwepesi kuliko vidole. Alizaliwa Mississippi akapewa jina la kiume. Jina hilo alilitupa siku aliyofukuzwa kwao, akiwa bado binti mdogo, na hakurudi kulitafuta. Nyumba yake, ng'ambo ya reli, iliwapokea vijana weusi wengine waliotimuliwa kama yeye, mashoga na waliobadili jinsia. Aliwaita wanangu, nao wakamwita mama. Aliyeona ajabu aliambiwa akatafute kazi ya kufanya.

Sheria ya nyumba ilikuwa moja: jina ulilopewa na waliokufukuza linabaki nje. Huulizwi, na anayekuchimba atalala barazani. Verdell aliitunga kwa mapenzi, na wapo walioupata usingizi wa raha kwa sababu yake.

Kiangazi kile polisi walimuua kijana mweusi barabarani. Wiki ileile mwanamke mweusi aliyebadili jinsia aliokotwa mtoni amekufa, na polisi walewale hawakujisumbua hata kuuliza. Nyumba nzima ikatoka kuandamana kwa ajili ya wote wawili, bendera ya upinde wa mvua mbele.

"Mama, goti hilo halifiki darajani," Perlina alimtania. Alikuwa na gauni la njano na ulimi kama wa mlezi wake.

"Goti hili limeandamana kabla mama yako hajakubeba tumboni."

"Mama yupi? Mimi ninaye wewe tu."

Mwanamume mmoja ndani ya maandamano akaguna, "Leo siku ya weusi, siyo ya hawa."

"Kwani mimi unaniona rangi gani, kaka? Zambarau?" Verdell akamjibu, na watu wakaangua kicheko.

Kicheko kiliishia darajani. Polisi walifyatua mabomu ya machozi, kisha risasi za mpira. Perlina alipigwa jichoni, na kabla hajaanguka sawasawa walimburura wakamtupa garini. Verdell aliyaona yote, na hakuweza kufanya kitu.

Jioni alisimama kituo cha polisi, mbele ya dirisha.

"Perlina Tibbs? Hatuna," askari alisema.

"Ana gauni la njano. Jicho linavuja damu."

"Bibi, au bwana, sijui nikuiteje, humu wanaovuja damu ni wengi. Nipe jina la kwenye kitambulisho."

Verdell aliwageukia waliofuatana naye. Hakulijua. Wakili wa waandamanaji naye alikwama hapohapo. Ozell, mwana mkubwa wa nyumba, alipoulizwa alitazama chini. "Ulitukataza, mama."

Alichojua Ozell ni kanisa tu, ambako mama mzazi wa Perlina alikuwa mpokezi wa waumini. Kesho yake, Jumapili asubuhi, Verdell alimkuta mlangoni, Ernestine Gaddis, glavu nyeupe mkononi, uso mkavu.

"Wewe ndiye uliyeniibia mwanangu."

"Sikumwiba. Nilimkuta stendi, analala na viatu mikononi."

"Nilishamzika moyoni."

"Basi mfukue, dada'ngu, yuko hai. Nipe jina nikamtoe. Nakuomba."

Ernestine aliuma midomo. Kisha akalitaja, akalirudia tena taratibu, kwa sauti ya mtu aliyekaa muda mrefu bila wa kumwita. Machozi yalimlowesha glavu.

"Twende wote," Verdell akamwambia.

"Nina zamu hapa," alijibu, akageuka kumpokea muumini.

Jina hilo sitaliandika. Limeshaumiza vya kutosha. Verdell alilisema dirishani likiwa chungu mdomoni kama dawa, na askari akamwona Perlina papo hapo kwenye orodha: alikuwa selo ya wanaume. Walimtoa akiwa ameshika ukuta. Alikuwa amelisikia likiitwa, na kwa jicho lake moja akamwona aliyelitaja.

"Hata wewe, mama?"

Verdell akamkimbiza hospitali. Daktari alisema jicho limekufa, na kwamba wangemleta jana pengine angeliokoa. Maneno hayo yalimkaa Verdell kifuani kama jiwe, maana polisi walipiga, lakini sheria iliyomchelewesha mtoto ni yake.

Siku aliyoruhusiwa Perlina, Verdell aliwakusanya wanawe jikoni. Akawaomba kila mmoja amnong'oneze jina lile la zamani kabla ya kuandamana tena. Walikuja mmoja mmoja, wengine wakilia. Ozell aligoma.

"Kama ni kufa, nife nikiwa Ozell."

"Utakufa ukiwa Ozell, mwanangu, na mimi nitakuwa dirishani naambiwa haumo."

Ozell akainama, akanong'ona, akatoka nje.

Perlina alikuwa mezani, bandeji imemfunika nusu ya uso. "Na wewe? Wakikushika wewe, sisi tukamtafute nani?"

Verdell aliegemea sinki. Waliolijua jina lake la zamani wote walikuwa makaburini Mississippi, na alikuwa amewashukuru kwa kwenda nalo. Alivuta kiti akaketi karibu na binti yake, akamsogelea sikioni akalisema. Halafu akalia kwa kwikwi, kama mtoto aliyefukuzwa leo, na Perlina akamshika mkono asijue amwite mama au amwite mwanangu.