Gwaride la Korongo wa Meja

Nilipofaulu baiolojia katika shule ya jioni pale Kamwokya, Bukoto nzima ilijua. Nilihakikisha mwenyewe. Ndiyo maana jirani yangu, sajini wa jeshi, alipopata balaa alinigongea mlango mimi kabla ya kumwendea padri.

Meja wake alitaka korongo wa taji, yule ndege wa bendera yetu, dume na jike, wafugwe bustanini kwake Luzira. Sajini alikuwa nao watatu uani, wamenaswa kinamasini. Akipeleka madume wawili, angevuliwa tepe zake, na siku zile za utawala wa kijeshi aliyevuliwa tepe tu alishukuru Mungu.

"Profesa, sema basi. Dume iko wapi?"

Korongo wanafanana kama mayai ya kuku mmoja. Kitabu kilisema dume ni mkubwa kidogo. Kidogo! Nilijaribu kuwapima kwa futikamba. Mmoja akanidonoa pua ikavimba hadi ikanizibia macho.

"Acha hiyo," sajini akacheka. "Mimi napanga makuruti kila siku." Akawasukuma ukutani. "Mguu sawa!"

Mmoja akainama, akaruka, akatanua mabawa, akacheza kama yuko harusini.

"Huyo! Mwanamume gani haringi?"

Nami, msomi, nikakubali, ilhali korongo hucheza wote, dume kwa jike. Mchezaji tukamfunga kitambaa chekundu mguuni, tukamwita dume. Mfupi mmoja mkimya akawa mkewe. Wa tatu tukamwachia aende zake.

Baada ya majuma kadhaa meja alituita. Nilimuaga mke wangu mara kumi. Tulimkuta amesimama kwenye majani, mikono nyuma.

"Sajini, mwanamume yako imetaga."

Kweli, mwenye kitambaa alisimama kando ya yai. Sajini alitoka jasho la kufulia sare.

"Afande," nikasema, "tumekosea majina tu. Jozi ni jozi."

"Na kama wote wanawake?"

Mara yule mfupi akamzunguka mwenzake, akaruka akampanda mgongoni, mabawa wazi, bila aibu mbele ya jeshi zima.

Meja alicheka hadi kofia ikaanguka. "Sajini, rudi kazini. Lakini makuruti usinipangie tena, utaita wanawake wanaume!"

Sajini akapiga saluti kwa meja, kisha, nusu akilia, akampigia nyingine yule korongo mfupi.