Ukungu wa Alhamisi

Drahuše Vlčková anatunza barafu ya uwanja wetu wa Skalnice, huu ni mwaka wa thelathini na moja, na hajui kuteleza. Usicheke, mimi nimeshacheka vya kutosha kwa niaba yako. Akishuka kwenye mashine yake ya kulainisha barafu hutembea na buti za mpira, hatua fupifupi, mkono mmoja ukutani. Lakini muulize barafu ina unene gani pale mbele ya kipa wa wageni, atakujibu bila hata kuinama.

Kazi hiyo ilikuwa ya mumewe. Alipofariki, klabu ilimwomba mjane aishike kwa muda, hadi apatikane mwanamume wa kuifanya. Huyo mwanamume mpaka leo yuko njiani.

Timu yetu ya hoki ni ya daraja la pili na tunajua mahali petu. Kijana akiiva, wakubwa wa daraja la kwanza wanamchuma. Magoti yakimwisha, wanaturudishia. Hatulalamiki. Daraja la pili ni mechi za kweli, refa wa kweli, soseji ya kweli yenye haradali. Chini ya hapo ni kucheza mbele ya wake zenu.

Kitu kimoja alikianzisha Drahuše mwenyewe, bila ruhusa ya mtu. Kila Alhamisi saa nne asubuhi barafu ni ya wastaafu, bure. Sisi ni watu kama ishirini. Viatu vyetu vya kuteleza hatuvibebi nyumbani, vinakaukia kwenye chumba cha mabomba ya moto, kila jozi na msumari wake na jina kwa mwandiko wa Drahuše. Langu ameliandika “Alois Mvivu”. Nilipofiwa na mke wangu, Alhamisi ndiyo iliyonitoa kitandani. Nalisema wazi ili ujue nilimkosea nani.

Mwaka huu mwezi wa nne ulikuja na joto la ajabu. Nasi tulikuwa tunapigania kubaki darajani, tumeshinda mechi tatu, wapinzani tatu, na ya saba ya kuamua ilikuwa hapa kwetu. Siku yenyewe Alhamisi, saa kumi na moja jioni.

Asubuhi ile tulimkuta meneja, bwana Vrzal, amesimama kando ya mashine, jasho linamtoka.

“Bi Drahuše, leo wazee wako wapumzike. Joto hili likiingia humu tutapata ukungu.”

“Wameshakuja, bwana meneja. Milango nitaifunga.”

“Ukifunga sawa. Ila ukungu ukitokea, refa ataihamishia mechi kwao, na wewe kesho usije kazini.”

“Umesikika,” akasema Drahuše, akapanda mashine yake.

Tuliteleza. Mwalimu Ludmila, ambaye ana miaka sabini na minne na bado anazunguka kwa mguu mmoja, alinipita mara nne akinizomea, “Sogea, gari la makaa!” Nikachoka, nikatoka kwa lango la nyuma kuvuta sigara. Lango lile hujifunga lenyewe, kwa hiyo nikaliwekea jiwe. Kisha wakaniita chai yenye ramu. Kwa ramu mimi huitika haraka. Jiwe nililisahau.

Na lango lenyewe liko nyuma ya lile rundo la theluji chafu inayomwagwa na mashine. Aliyesimama barafuni halioni.

Saa kumi na moja kasorobo watu elfu tatu walikuwa wameketi, na ukungu ulikuwa umesimama juu ya barafu kama uji mzito. Kipa wetu alionekana kuanzia kiunoni kwenda juu. Refa alitupa kisahani, kile cheusi kinachopigwa kwa magongo, katikati ya uwanja, akasogea hatua kumi, akageuka, hakukiona tena.

“Nusu saa,” akamwambia Vrzal. “Ukungu usipoondoka, mnacheza kwao kesho.”

Dawa yake kila mtu wa hoki anaijua. Watu wanateleza kwa kasi kuzunguka uwanja mpaka hewa ichanganyike. Lakini kocha wetu alikataa kuwatoa vijana. “Miguu hii nimeitunzia mechi, si kupepea hewa!” Wageni ndio kabisa, walikaa benchi wanacheka. Timu huingiza barafuni wachezaji sita, na kwao ukungu ulikuwa wa saba.

Vrzal akarudi kutoka nyuma na jiwe langu mkononi.

“Lango lilikuwa wazi tangu asubuhi! Nani kaliacha?”

Drahuše alilitazama jiwe. Kisha akanitazama mimi, mara moja tu, maana ni nani mwingine anayevuta sigara kule nyuma.

“Milango ni kazi yangu,” akasema. “Ni mimi.”

Nakwambia kweli, niliona aibu ambayo sikuwahi kuiona tangu utotoni. Mchuma janga hula na wa kwao, ndiyo, lakini huyu alikuwa anakula peke yake na mimi nimeshika soseji. Nikaiweka chini.

“Mwongo huyo!” nikapaza sauti. “Jiwe ni langu, bwana meneja. Nilitoka kuvuta. Mfukuze aliyefungua, kama unaweza kumfukuza mstaafu.”

“Na ungefukuzwa wapi wewe, hata kazini ulikuwa unalala,” akadakia Ludmila, tayari anafungua vifungo vya koti. “Drahuše, ufunguo wa chumba cha mabomba. Viatu vyetu si viko mle?”

Drahuše alimtupia ufunguo. 

Tulishuka kumi na saba kati ya ishirini, waliobaki walikuwa na visingizio vya mgongo. Vijana mashabiki wanaopiga ngoma jukwaani waliona tunachotaka, wakatuteremshia bendera yao, ile ndefu ya mita kumi na tano ambayo hata mama zao hawaruhusiwi kuigusa. Tukaishika kwa urefu wake wote na kuanza kuizungusha uwanjani. Raundi ya kwanza watu walicheka. Ya tatu walianza kupiga makofi kufuata miguu yetu. Ya sita ngoma ikaingia. Mapafu yangu yaliniomba radhi kwa sigara zote nilizovuta, au mimi niliyaomba, sikumbuki vizuri.

Raundi ya kumi na moja nikaona ncha za viatu vya kipa.

Refa alitupa tena kisahani, akasogea hatua kumi, akageuka. Akapuliza filimbi.

Ukungu ulirudi kila mapumziko, nasi tukarudi kila mapumziko, Drahuše akitufuata na mashine. Benchi la wageni liliacha kucheka. Kipindi cha tatu, cha mwisho, tulifunga bao la pili, wao wana moja, na tukabaki darajani. Nililia. Ludmila anasema nilikuwa nahema tu.

Vrzal hakumwambia Drahuše neno jioni ile. Kesho yake Drahuše alikuja kazini kama kawaida, hakuna aliyemrudisha nyumbani. Lakini alikuwa akitazama ngazi za ofisi kila mlango ulipolia, na hilo liliniuma.

Alhamisi iliyofuata, barafu ya mwisho ya msimu, tulimvalisha viatu kwa lazima, vya Ludmila, na kumpa kiti cha mbao akisukume mbele yake kama wafanyavyo watoto wa chekechea. Miaka thelathini na mmoja! Alikuwa anatukana wazazi wetu wote kwa zamu alipotokea Vrzal. Drahuše akakishika kiti kwa mikono miwili.

“Msimu ujao,” akasema Vrzal, “hawa wazee wako ni saa nne ileile?”

“Saa nne, bwana meneja. Hata siku ya mechi.”

Vrzal akachukua kiti kingine kando ya uwanja, akazunguka rundo la theluji chafu, akakiweka mbele ya lango la nyuma na kuketi.

“Endeleeni,” akasema. “Hapa nakaa mimi.”