Miguu yangu kwenye chuo cha kucha

Leo miguu yangu imeniaibisha mbele ya watu.
Hapana, niseme kweli. Aliyeniaibisha ni mjukuu.

Nilimwahidi Happy nitamsomesha ufundi wa kucha, ila chuo nichague mimi. Yeye alishachagua kwa kuangalia picha za kwenye simu!

Tukashuka mjini. Cha kwanza mtaa wa Soweto, vioo kila ukuta. Nikavua raba, nikamwambia mwalimu, "Anza na hizi."
Kucha zangu zimelima kihamba, shamba letu la migomba, maisha yote, ngumu kama pembe. Binti wa watu akarudi nyuma.
"Bibi, sisi tunafundishia kucha za wasichana."
Haya. Tukaondoka.

Cha pili mtaa wa Rau. Chumba kimoja, beseni moja. Mwalimu, mama mtu mzima, akaziona akacheka. "Hizi ndizo za kujifunzia! Happy, mwoshe bibi yako kwanza."

Sasa sikilizeni.

Mtoto niliyemwogesha mimi, niliyemfuta kamasi kwa mkono huu huu, akaziba pua.
"Bibi, si ungeosha nyumbani jamani?"

Nikavaa raba zangu. "Mwalimu, chuo nimekipenda. Mwanafunzi ndiye sina."

Jumatatu anakwenda Neema, binti wa jirani. Happy yuko jikoni analia. Na alie.

Mtakaosema nimekuwa mkali, mliwaosha lini mama zenu miguu?

Na wewe Happy, najua unasoma hapa. Ng'ombe hajala. Mundu uko nyuma ya zizi, tuone hizo kucha zako ndefu zinavyokata majani.