Darasa Lililomlea Mtu Wangu wa Ukerewe

Niliacha shule nikiwa kidato cha tatu, na sijawahi kutaka mtu anionee huruma kwa hilo. Kiwanda cha pamba alikofanya kazi baba kilipunguza watu, ni kweli, lakini hata bila hivyo ningeondoka. Mwanza ya miaka ile ya tisini ilikuwa imefunguliwa milango. Mitumba ilijaa barabarani, viwanda vya minofu ya sangara vilichipuka kando ya ziwa, na mimi nilitaka kujua kila sanduku lililoshushwa limetoka wapi na linakwenda wapi. Nikapata kazi kwenye boti iliyokusanya samaki visiwani. Kazi yangu ilikuwa kuponda barafu na kupanga samaki.

Kitu kimoja nilikiacha darasani: kaunta buku. Humo nilikuwa ninaandika hadithi ya mwanamume wa Ukerewe anayezunguka ziwa akimtafuta ndugu yake aliyepotea. Kila nilipoandika kurasa mbili tatu, buku lilipita dawati kwa dawati, kisha likarudi pembe zimejikunja. Msomaji mkali kuliko wote alikuwa msichana niliyekaa naye dawati moja, mtoto wa Kihaya ambaye baba yake alikuwa mkufunzi wa chuo cha ualimu kule Butimba. Aliniandikia pembeni kwa penseli: "Hapa umekimbia." "Huyu mama mbona halii?" Kama leo naweza kuandika sentensi ikasimama, chanzo ni penseli ile.

Siku ya kuondoka nilimkabidhi buku, nikamwambia nitarudi baada ya wiki mbili. Ilipita karibu miaka miwili.

Siku moja tunashusha samaki mwaloni Kirumba, mama mmoja mchuuzi kutoka Igogo akanikazia macho.

"Wewe si ndiye mwandishi? Mwanangu yuko kidato cha nne pale shuleni kwenu, darasa zima linakutafuta. Mahafali yao Jumamosi. Nenda, baba, watoto wana shida na wewe."

Nilikwenda Alhamisi hiyo hiyo mchana. Nilimkuta msichana wangu wa dawati moja amekaa kwenye ngazi za darasa, buku mapajani.

"Shikamoo," nikamtania.

"Marahaba, babu. Wiki mbili zako zimeisha?" Akaziba pua. "Halafu unanuka sangara mpaka huku!"

Akanieleza. Mwalimu wa Kiswahili alikuwa amekubali asome hadithi ile mbele ya mgeni rasmi badala ya ngonjera ya kila mwaka, ile ya kushukuru na kuomba madawati. Sharti lilikuwa moja: buku lifike mezani kwake kesho asubuhi, likiwa na mwisho.

"Si uandike wewe?"

"Nimejaribu mara nne." Akanyoosha pembe za buku kwa kidole. "Baba atakuwepo. Ameshanichagulia mchepuo wa sayansi. Kuandika anakuona mchezo tu. Nataka anisikie mara moja. Moja tu, basi."

Nikaketi, nikasoma. Baada ya mimi kuondoka walikuwa wamepokezana buku, kila mtu na wiki yake, na hakuna aliyejisumbua kuuliza Wakerewe wanaishi vipi. Kila mmoja alimpeleka mtu wangu nyumbani kwao. Kufikia ukurasa wa arobaini alikuwa anadai senene na kuikataa ndizi iliyopikwa na mtu asiye wa Bukoba. Msukuma wa Magu akampa ng'ombe thelathini na kumshibisha michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa. Kijana wa Kijaluo kutoka Rorya akamwonyesha akicheka bila meno sita ya chini, yaliyong'olewa kwa mila kama ya babu yake mwenyewe. Kurasa nane mbele, mtu huyo huyo akaguguna mahindi ya kuchoma.

Nilicheka mpaka nikatoa machozi. Yeye hakucheka.

"Unaona? Nikimfikisha kwa ndugu yake, ndugu atamtambuaje?"

Nikatoa kalamu nianze kusahihisha. Akaweka kiganja juu ya ukurasa.

"Usimfute mtu. Kila mmoja atakuwa amekaa pale anasubiri sehemu yake."

Basi nikabaki na kalamu hewani. Nikaanza kumsimulia mambo ya visiwani: kwamba siku ya kwanza unaulizwa kwenu wapi, na siku ya tatu hakuna anayeuliza, kwa sababu unakula wanachokula na kusalimia wanavyosalimiana. Kisiwa kimoja waliapa mimi ni Mhaya. Kingine wakataka kunioza kwa Wajita.

"Ngoja," akasema. "Kwa hiyo hatujakosea. Amebadilika."

"Na huyo ndugu yake je? Naye yuko huko miaka yote hiyo," nikasema.

Tuliandika mpaka kengele ya jioni ikalia, sentensi yake, sentensi yangu. Ya mwisho ilikuwa yake: ndugu hakumtambua, alimkaribisha chakula kama anavyokaribishwa mgeni yeyote, na yule mtu akanawa mikono akala.

Jumamosi nilisimama nyuma pamoja na wazazi. Alisoma taratibu, shada la karatasi za kumetameta shingoni. Ilipofika sehemu ya meno, kijana wa Rorya alisimama akainamia watu kama mbunge, ukumbi ukalipuka kwa kicheko. Baba wa msomaji alikuwa amekunja mikono. Kwenye mahindi ya kuchoma nilimwona akijificha uso kwa karatasi ya ratiba, mabega yakimtikisika. Sentensi ya mwisho iliposomwa hakupiga makofi na wengine. Alikuwa bado anamtazama binti yake.

Wakati wa soda alimfuata.

"Pale mwisho ni nani kaandika?"

"Mimi, baba."

"Mbona hakumwambia? Kasafiri miaka yote hiyo, kamwona, halafu anakula tu?"

"Baba, angemwambia nini?"

"Angemwambia mimi ni nduguyo!"

"Na akikataa?"

Mzee akavuta kiti. Walibishana mpaka meza zikaanza kuondolewa.

Binti alikwenda mchepuo wa sayansi vilevile. Mimi kesho yake nilirudi botini. Nimefanya kazi nyingi tangu hapo, katika miji mingi, na cheti sina. Lakini nawashukuru watu arobaini na kitu ambao, nilipowaachia mtu wangu bila kuaga, kila mmoja alimpeleka kwao akamlisha.