Disketi za Mwanatatu

Mwidani wa Bofu hakuwa mtu wa kuulizauliza. Kazini kwake Changamwe, kwenye ghala la chai, yeye ndiye aliyeulizwa. Printa ikigoma, karani mpya akikwama, husemwa mwiteni Mwidani. Kompyuta alijifundisha mwenyewe, na jambo hilo lilimpendeza kuliko alivyokubali.

Mkewe, Mwanatatu, alikuwa na mwendo mwingine. Alikuwa mpiga chapa, na kila Jumamosi alikwenda Bombolulu, chumbani kwa rafikiye Kache, walikokutana wanawake waliosoma naye kazi hiyo. Aliyeshindwa na programu aliileta pale, wakahangaika nayo pamoja huku chai ikizunguka.

"Nyinyi kompyuta mnaitibu kwa umbea," Mwidani alimtania.

"Na umbea wetu unaponya, wallahi," Mwanatatu akamjibu.

Jioni, kwenye kompyuta kuukuu waliyoipata mnadani, alikuwa akiandika habari za utoto wake: nyumba ya bibi yake, ndugu zake, mambo aliyoyaona. Mwidani akichungulia, alikifunika kioo kwa pindo la leso. "Ngoja nimalize. Wewe ndiwe utakayesoma mwanzo."

Mwaka wa tisini na saba figo zikamchukua Mwanatatu.

Baada ya arubaini, Mwidani alijaribu kuiwasha ile kompyuta. Haikuwaka, chumvi ya hewa ilikuwa imeshaila. Zilibaki disketi. Akazijaribu kwenye mashine mpya ya kazini, na mahali pa maneno yakamtokea manyotanyota na vipembe visivyosomeka.

Wiki hiyohiyo Kache alikuja kumtazama. Wakati wa kuaga alisema, "Shemeji, kama kuna kazi ya Mwanatatu inayokutatiza, tuletee. Usione haya."

Mwidani alimshukuru, lakini disketi hakuzitaja. Si haya iliyomzuia. Aliahidiwa kusoma mwanzo, na ahadi ile ndiyo pekee iliyomsalia mkononi. Angewezaje kuyatandaza maneno ya mkewe mbele ya chumba kizima, yeye mwenyewe hajayaona?

Basi akawa anatoka Bofu, anavuka feri kwenda mjini, kwenye duka lililoanza kukodisha intaneti. Aliandika jina la programu ile ya zamani aliyoitumia Mwanatatu, akasubiri kurasa zishuke kidogokidogo. Nyingi zilieleza mambo mengine. Moja ikaeleza vizuri, kama imemkusudia yeye: lifungue faili, ulihifadhi upya kwa jina lilelile, maandishi yatanyooka. Nani aliandika, kwa mashine gani, hakukuwa na pa kuuliza. Mwidani aliutoa ukurasa ule kwenye printa, akaukunja, akautia mfukoni.

Disketi ya kwanza haikunyooka. Akadhani ni mbovu, akaenda ya pili. Akaenda hivyo mpaka ya mwisho; hakuna iliyonyooka.

Jumamosi alipiga hodi Bombolulu. Wanawake walimpisha kiti. Kache alikuwa bado na programu ya zamani kwenye kompyuta yake. Akaingiza disketi, akatazama, akaingiza nyingine.

"Shemeji, uliyahifadhi kwa programu mpya?"

"Niliyahifadhi."

"Yote? Hukuweka nakala kwanza?"

Mwidani akautoa ule ukurasa mfukoni, akaukunjua. Kache aliuacha mkono juu ya meza. "Humu yangefunguka," alisema polepole. "Sisi sote tulipitia haya tulipobadilisha mashine. Sasa mapya yameandikwa juu ya yale, yakayafuta."

"Labda alikupa wewe nakala," Mwidani alisema. "Nyote mlikuwa mkisomeana."

"Tulimwomba sana. Alikataa. Alisema wa mwanzo kusoma ni mumewe."

Hakuna aliyemlaumu. Mmoja wao alianza kulia, na Mwidani akamwona kama kwa mbali. Kache alikaa na Mwidani mpaka alasiri akichambua vipembe, na kilichotoka ni maneno machache yasiyoshikana. Kisima. Mama alicheka. Mvua ya. Akamwandikia kwenye karatasi.

Kutoka hapo Mwidani hakwenda kwake. Alikwenda kwa mkwewe, Bi Dhahabu, mamake Mwanatatu, aliyekuwa akingoja kusomewa, maana yeye hajui kusoma.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umeyapata?"

"Nimeyapoteza, mama. Ni mimi. Niliyashika vibaya yakafutika."

Bi Dhahabu akamsogelea. "Hata kidogo?"

Akamsomea yale machache. Alipofika penye "Mama alicheka", mama yule alimzuia kwa mkono.

"Nilicheka lini?"

"Maandishi hayakusema."

"Nilicheka nini, Mwidani?"

Alikitazama kikaratasi, ingawa alijua hakina zaidi. Bi Dhahabu akajifunika uso kwa leso, na Mwidani akateremka kitini, akaketi mkekani karibu naye. Maghribi ikaadhiniwa, hawakuinuka upesi.