Alhamisi za Kithaka

Zamani pombe ilikuwa na siku yake na wenyewe, wazee. Siku hizi inauzwa katika chupa ndogo za plastiki saa mbili asubuhi, na wanaoinunua hawajaota ndevu.

Chupa hizo ndizo zilizokaribia kummaliza Kithaka, jirani yangu kule Kibugu. Hakuwa mtu mbaya. Hakuna aliyejua kupandikiza avokado kama yeye. Shambani kwangu kuna miti mitano aliyoiunganisha akiwa amelewa chakari, na yote inazaa. Akilewa hakupiga mtu. Alilala tu, popote: kwenye majani chai, kwenye mtaro, na mara moja juu ya mizani ya kituo cha chai, wachumaji wakasubiri aamke.

Mwaka jana, mwezi wa kwanza, mkewe Mukami alimwambia mbele yangu, "Baba Cicily, Agosti wanakuja kumposa mtoto. Ukiwa mtaroni siku hiyo, nitamwita kaka yangu aketi kwenye kiti chako."

Kesho yake Kithaka alikuja kwangu amenyoa ndevu.

"Mzee, nimesikia Runyenjes kuna watu wa kuacha pombe, wanakutana kila Alhamisi mchana. Nisindikize. Nikienda peke yangu nitaishia njiani."

"Njiani wapi?"

"Unajua ni wapi, mzee."

Nilimsindikiza nikinung'unika. Enzi zetu mtu akizidiwa na pombe, wa rika lake walimweka chini wakamkanya, na neno halikutoka nje ya ua. Sasa rika liko wapi? Wa kwangu wamebaki wawili, na mmoja hasikii.

Kanisa tuliloelekezwa lilikuwa na vyumba viwili kwa nyuma. Tukaingia cha kwanza. Akina mama walitupokea kwa furaha, wakatupa vitabu vya nyimbo. Tulidhani ndiyo dawa yenyewe. Kithaka aliimba besi nusu saa nzima, jasho likimtoka, mpaka mama mmoja mnene akachungulia mlangoni, akacheka.

"Nyinyi wawili, mnatafuta kwaya au mnanitafuta mimi?"

Alikuwa Angeline, kiongozi wa kikundi. Chumba cha pili kilikuwa na viti vya plastiki na chai ya maziwa. Akaanza yeye: "Mimi ni Angeline. Nilikunywa miaka kumi na tisa. Leo sijanywa." Wengine wakafuata, kisha zamu ikamfikia jirani yangu.

"Mimi ni Kithaka," alisema, akakwama. "Leo... nimeimba."

Walicheka mpaka chai ikamwagika. Alhamisi iliyofuata alirudi, na nyingine, na nyingine, mvua ama jua. Mimi nilikuwa nikienda kwa ajili ya chai. Hivyo ndivyo nilivyowaambia watu.

Agosti ikafika, na hapo nilikosea mimi. Mila yetu ni kwamba siku ya posa pombe ya asali hutiwa katika pembe, na baba humwuliza binti yake mbele ya wageni, "Ninywe?" Akisema kunywa, amekubali mume. Akisema usinywe, amekataa, na wageni huondoka. Siku hizi wengine huuliza kwa soda. Nilisema soda si mila. Nikapika pombe kwa mkono wangu, asali na matunda ya muratina, nikaichunga wiki nzima ichachuke, nikaipeleka na pembe ya marehemu baba yangu. Miezi saba nimeketi na Kithaka kwenye viti vile vya plastiki, na sikumfikiria yeye. Nilifikiria pembe.

Akaishika. Aliinusa kwanza, kisha akafungua mdomo.

"Cicily, ninywe?"

Cicily akamtazama mchumba wake, Mugendi, kisha akamtazama baba yake. Machozi yakamtoka.

"Usinywe, baba."

Munene, mjomba wa Mugendi, akasimama. "Basi tumekataliwa. Fungueni mbuzi wetu."

"Keti chini, wewe!" nilimwambia. "Msichana hajakataa mume. Amekataa pombe yangu, na amefanya vizuri. Mjinga hapa ni mimi."

Niliitoa pembe mikononi mwa Kithaka, nikaimwaga pombe yote chini ya migomba. Mukami akaisuuza pembe kwa maji moto, akaijaza uji wa wimbi.

"Uliza tena," nikamwambia Kithaka.

"Cicily, ninywe?"

"Kunywa, baba. Maliza yote."

Alimaliza yote, uji ukimtiririka kidevuni, akiwa kwenye kiti chake mwenyewe. Munene naye akaomba aonje. Pombe ile ilikuwa nzuri, sifichi, na nikifa sioni atakayeipika tena hivyo.

Mara ya mwisho kumwona Kithaka ilikuwa Alhamisi, wiki niliyohamia kwa mwanangu Nkubu kwa sababu magoti yangu yamekataa mlima. Alikuwa nyuma ya lile kanisa la Runyenjes, amemshika mkono mtu aliyevuta kofia mpaka machoni. Kwaya ilikuwa ikiimba. Akampitisha kando ya mlango wa kwanza, akamfungulia wa pili, akanipungia. Yule mwenye kofia nilimtambua kwa mwendo wake. Simtaji; niligeuza uso nisimwone, kama tulivyofanya zamani, neno lisitoke nje ya ua.