Walioanguka Kwenye Tela

Merina wa Michenga alikuwa mwenzangu wa kazi miaka ile ya tisini, tukipita nyumba kwa nyumba kuuliza nani kazaliwa, nani kafa, na kafa kwa nini. Mimi nilikuwa na mdomo, yeye alikuwa na subira. Watu walimwambia mambo ambayo hata padri hawakumwambia.

Isipokuwa moja. Msimu wa mavuno, mwenye trekta hubeba mpunga wa jirani zake kwenye tela, na wenye mpunga hupanda juu ya magunia. Mtu akianguka akafa, tukifika sisi tunaambiwa, "Homa." Nani atamtaja ndugu aliyemsaidia kutoa mpunga shambani? Merina alikuwa akirudi njiani ananung'unika.

"Rosa, tusipowaandika walioanguka, nani atawakataza watu kupanda tela?"

Kila kikao cha kata alinyoosha mkono akalisema hilo, na kila mara aliulizwa takwimu ziko wapi. Lilimkaa rohoni kweli.

Basi mwaka mmoja, mwezi wa sita, mumewe Agapiti akaanguka kwenye kona ya kushukia mto Lumemo. Tairi la tela likampita kiunoni. Trekta lilikuwa la mzee Hermenegildi, baba mdogo wa Merina, ndiye aliyemlea tangu baba yake alipofariki. Agapiti alilazwa, akashikwa na homa kali, akafa kabla ya Jumapili.

Zamu ya kwenda kuuliza ikawa yangu, maana mtu hajiulizi nyumbani kwake. Nilisubiri arobaini ipite. Nilimkuta Merina kwenye mkeka, na mzee Hermenegildi kwenye kigoda, kakonda, anazungusha kofia mikononi. Nilimpa shikamoo, nikakaa, nikauliza kama tulivyofundishwa.

"Marehemu alikuwa anasumbuliwa na nini?"

Merina alimtazama baba yake mdogo. Mzee alikuwa ameinamisha kichwa.

"Homa," akasema Merina.

"Merina, jamani."

"Alikuwa na homa, Rosa. Hata manesi walimpima. Andika."

Nikaandika, maana kazi yetu ilikuwa kuandika wanachosema wenye msiba. Lakini niliondoka nimekasirika, na uji walionipa niliuacha nusu.

Mwezi wa kumi na mbili, kwenye kikao cha kata, mtaalamu mmoja alitusomea takwimu za mwaka. Homa ndiyo iliyoongoza, wakafuata watoto wa kuharisha. Alipofika kwenye vifo vya ajali, za kazini na za barabarani, akasema kijiji chetu hakina hata kimoja. "Kwa hiyo barabara yenu haina shida," akasema, na watu wakapiga makofi. Mwenyekiti aligeuka kumtazama Merina, kwa mazoea. Safari hii mikono yake ilibaki ndani ya kitenge.

Tulipotoka, trekta la mzee Hermenegildi lilikuwa linaunguruma barabarani, tela limejaa magunia ya mbegu na watu wameshakaa juu.

"Panda, mwanangu," mzee akamwita. "Jua kali."

Nilimshika Merina mkono, nikamwambia tutembee wote, hata tukifika jioni.

"Nikikataa atajua namlaumu," akaninong'oneza.

Akakaza kitenge chake, akawaomba watu wasogee, akapanda, akakaa juu ya magunia upande ule ule aliokaa Agapiti.